Treni ya watalii Lubumbashi: tuanze na magurudumu, velveti ingoje

Tangu reli ya Lobito, inayotoka bandari ya Angola hadi kwetu Kongo, irudi midomoni mwa watu, na zaidi baada ya Joe Biden kwenda Angola Desemba 2024 kuitazama, hapa Lubumbashi kuna wazo linalosemwa na kila mtu kwa namna yake: tuyatoe mabehewa ya zamani kwenye majani, tuyasugue, tuyapake rangi, yabebe watalii. Wanaolipenda wanataja treni ya kifahari ya Rovos Rail, iliyotoka Dar es Salaam hadi Lobito mwaka 2019 ikipitia mjini kwetu. Wanaolichukia wanauliza mtalii gani huyo, na kwa nini atengenezewe yeye wakati raia anasafiri juu ya wagoni la mizigo na gunia lake la makaa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinalitazama behewa kama mtu aliyesimama gare, yaani stesheni, akingoja: zinaona dirisha, kiti na rangi. Kazi halisi ya kufufua behewa iko chini ya sakafu, kwenye magurudumu, breki na chemchemi, na ni ileile ambayo behewa la abiria wa kawaida linaihitaji. Kwa hiyo mradi unafaa, ila uwe mdogo, wa safari fupi, na uanzie chini. Ukianzia juu tutapata mgahawa mzuri uliosimama relini.

Reli ilifika hapa mwaka 1910, mji ukiitwa Élisabethville, ikitokea kusini kupitia Sakania. Haikuja kutoka Kinshasa. Ilikuja na upana wa kusini, milimita 1,067 kati ya reli na reli, ikaendelea hadi Bukama mwaka 1918, ikafika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928, na mwaka 1931 ikaungana na reli ya Benguela huko Dilolo. Mwaka 1952 kipande cha Jadotville, yaani Likasi, hadi Tenke kiliwekewa umeme wa hezi 50, kati ya vipande vya kwanza duniani kutumia umeme wa kawaida wa viwandani kuvuta treni. Mambo haya mawili, upana na umeme, yanatusumbua au kutusaidia hadi leo. Kwa sababu ya upana ule, ekseli na magurudumu ya Zambia, Zimbabwe au Afrika Kusini yanaweza kuingia chini ya behewa letu, mradi shingo ya ekseli, ile ncha inayobeba behewa, na sanduku linaloifunika vilingane kwa vipimo. Ya Tabora au Kigoma hayawezi: reli ya zamani ya kati ya Tanzania ni ya mita moja kamili. Anayeahidi vipuri vya bei nafuu kutoka upande ule hajapima.

Behewa la bogi mbili, yaani fremu mbili za magurudumu zinazogeuka chini yake, lina ekseli 4, magurudumu 8 na masanduku 8 ya ekseli. Treni ndogo ya mabehewa 5 ina masanduku 40, na lolote kati ya hayo linaweza kusimamisha safari nzima. Kwenye mabehewa ya kale mara nyingi ndani ya sanduku hamna beringi ya rola; kuna kusineti, kipande cha bronzi kilichomiminiwa aloi laini ya bati, kinachokalia shingo ya ekseli juu ya utando mwembamba wa mafuta. Mafuta hupandishwa na pamba au pedi iliyolala chini ya shingo hiyo. Behewa likikaa miaka 20 kwenye majani, kifuniko cha sanduku hupotea, mvua huingia, mafuta hukauka, na shingo iliyokuwa laini kama kioo hupata vishimo vya kutu. Likivutwa katika hali hiyo, vishimo vinaikwaruza ile aloi, joto linapanda, aloi inayeyuka, chuma kinasaga chuma, na mwishowe shingo hukatika. Ndiyo maana kosa kubwa la miradi ya namna hii hutokea siku ya kwanza kabisa, kabla fundi hajagusa kitu: watu wanalivuta behewa hadi karakana kwa shangwe, simu zikipiga picha.

Utaratibu wa salama ni wa polepole na hauna picha nzuri. Behewa huinuliwa kwa jeki 4 pale pale lilipo, kusineti hutolewa moja baada ya nyingine, shingo husafishwa kwa mafuta ya taa na kupapaswa kwa ukucha. Ukucha ukikwama, ekseli hiyo haitembei. Pedi mpya, mafuta mapya, vifuniko vipya, hata kama ni vya bati la kukunja. Kisha behewa huvutwa kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, husimamishwa baada ya kilomita chache, na kila sanduku hushikwa kwa kiganja. Ambalo huwezi kuliachia mkono linafunguliwa. Likishafika karakana ndipo uchunguzi wa kweli huanza: ekseli hupimwa kwa mawimbi ya ultrasoniki kutafuta ufa uliojificha ndani ya kitovu cha gurudumu, mahali ambapo jicho halifiki. Gurudumu lililoshindiliwa kwenye ekseli huchorewa mstari wa rangi unaovuka kutoka kitovu hadi ekseli. Siku mstari huo ukikatika, gurudumu limehama na behewa halitoki. Ukingo wa gurudumu hupimwa unene, na magurudumu yenye bapa, yaani sehemu iliyosagika ikapoteza mviringo, hukerezwa upya kwenye mashine, mawili ya ekseli moja kwa pamoja, yatoke na kipenyo kimoja. Mwenye fedha hubadilisha kusineti zote kwa beringi za rola. Asiyenazo anaweza kuendelea na kusineti, lakini lazima awe na mtu wa kutia mafuta kabla ya kila safari, na mtu huyo alipwe hata mwezi ambao hakuna mtalii.

Baada ya magurudumu, bogi. Watu hudhani behewa zito litaiharibu reli yetu iliyochoka. Behewa la chuma la upana wetu lina tani 40 hivi, yaani tani 10 kwa ekseli, chini ya wagoni lililojaa madini. Uzito haututishi. Kinachotisha ni kwamba behewa ni refu na gumu, na njia yetu katika sehemu nyingi imejipinda: reli moja iko juu, nyingine imezama kwenye matope, mataruma yameoza. Behewa refu likipita hapo, gurudumu la pembeni hupungukiwa uzito. Ikiwa kitovu cha bogi na vibao vya pembeni vinavyobeba mwili vimekauka, bogi haigeuki kirahisi kwenye kona, ukingo wa gurudumu unakwea reli, na behewa liko nje. Chemchemi za tabaka zenye jani lililovunjika hufanya vivyo hivyo, na jani hilo huonekana tu likisuguliwa kutu. Dawa yake ni kopo la grisi, nyundo ya kugongea chemchemi na fundi mvumilivu. Sijasikia mfadhili yeyote akiombwa grisi.

Breki ndiyo sehemu inayokatisha tamaa wengi. Kusini mwa Afrika mabehewa mengi ya kale yalijengwa kwa breki ya utupu: kichwa cha treni hunyonya hewa bombani hadi sentimita 50 hivi za zebaki, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma pistoni. Nguvu yote inayopatikana ni kama theluthi mbili za bar, kwa hiyo silinda ni kubwa na mipira yake ni mingi. Vichwa vya kisasa hutoa hewa ya kushindiliwa, bar 5 bombani, na havijui utupu. Kuunganisha mabomba hayo mawili haiwezekani. Kubadilisha behewa moja maana yake ni bomba jipya kutoka ncha hadi ncha, valvu ya usambazaji, tangi la akiba, silinda mpya na kirekebishi cha nafasi ya breki. Na baada ya hayo hesabu ya mikono yote ya fito zinazopeleka nguvu ya breki kwenye magurudumu irudiwe, kwa sababu nguvu imebadilika. Fundi akiweka silinda mpya na kuziacha fito za zamani, breki itauma kupita kiasi, magurudumu yatateleza yakiwa yamefungwa, na bapa litatokea siku hiyohiyo. Bomba likishakamilika hujazwa, chanzo hufungwa, na sindano ya manometa, kipimo cha shinikizo, hutazamwa kwa saa ya mkononi. Ikishuka kuliko kanuni inavyoruhusu, maji ya sabuni hupakwa kwenye kila kiungo hadi povu litokee.

Juu ya sakafu nitapita haraka, kwa sababu huko kila mtu ana maoni. Kutu hula pale maji yanapokaa: chini ya madirisha, kwenye nguzo za milango, sakafu ya choo, mfereji wa paa. Bati lililooza hukatwa hadi chuma kizima kipatikane. Kulehemu kiraka juu ya kutu ni kuyafungia maji ndani. Mbao za mtiki au mkangazi zikishaingiwa na mchwa hupigwa bisibisi, na bisibisi ikizama, ubao unakwenda motoni. Rangi ipigwe wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, kwa kuwa chuma kilichopigwa mchanga hushika kutu ndani ya saa chache hewa ikiwa na unyevu. Kanuni ya wapaka rangi ni chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande. Ila kuna jambo moja lisilopitwa haraka. Mabehewa mengi yaliyojengwa kati ya miaka ya 1930 na 1970 yaliwekewa asbesto ndani ya kuta na paa ili kuzuia joto, na rangi zao za kale zina risasi. Kijana anayebandua ubao kwa patasi akiwa amejifunga kitambaa usoni anavuta vumbi linaloweza kumuua miaka 30 baadaye. Sampuli ipelekwe maabara kwanza, na likikutwa na asbesto isiyoondoleka kwa usalama, behewa hilo liachwe. Bora kupoteza behewa.

Umeme na maji ndivyo hasa vinavyoonyesha kwamba behewa la kale halikujengwa kwa ajili ya njia ya leo. Taa zake ziliwashwa na betri zilizochajiwa na dainamo inayozungushwa na ekseli kwa mkanda. Dainamo hiyo huanza kuchaji treni ikifikia kilomita 30 hivi kwa saa. Kwenye njia ambayo treni inatambaa kwa kilomita 15 au 20, haichaji kamwe. Betri hushuka, na giza likiingia kabla ya kufika, fundi hulaumu betri, hununuliwa nyingine, nazo hufa. Jibu ni behewa la mizigo lililowekewa jenereta, likilisha treni yote kwa waya mmoja. Maji nayo: matangi ya mabehewa mengi ya kale hujazwa kutoka juu ya paa. Chini ya waya wa volti 25,000 hakuna mtu anayepanda paa akiwa na mpira wa maji, hata kama ameambiwa waya huo umekatwa na wezi. Mabomba yageuzwe, maji yapandishwe kutoka chini kwa pampu. Choo nacho kiwe na tangi. Cha zamani humwaga juu ya mataruma, palepale ambapo mafundi wa njia hushika kwa mikono.

Sasa turudi kwenye ubishi. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya Rovos: wamepita, basi soko lipo na sisi tunaweza. Rovos Rail ilianza safari zake mwaka 1989, ina karakana yake Pretoria, treni yake haizidi abiria 72, na huja na kila kitu chake: jiko, jenereta, maji, mafundi, hata divai. Abiria wake wameinunua treni. Lubumbashi wanaiona kupitia dirishani. Kupita kwao kunathibitisha jambo moja tu, kwamba mabehewa ya kale yaliyotengenezwa vizuri chini yanaweza kuvuka njia yetu kwa mwendo wa polepole. Hilo ni la maana, na wanaoshabikia velveti ndio wanaolisahau. Mifano inayotufaa iko kwingine. Livingstone, kusini mwa Zambia, kuna treni ya chakula cha jioni inayokwenda mwendo mfupi na kurudi usiku huohuo; haimlazi mtu, kwa hiyo haihitaji shuka, bafu wala vitanda. Na Eritrea, baada ya vita, reli ya Asmara hadi Massawa ilifufuliwa kwa mikono ya wazee wa reli walioitwa kutoka kwenye pensheni zao, wakafundisha vijana kumimina, kukereza na kulehemu. Mwaka 2003 njia ikafunguka hadi mwisho. Lubumbashi bado ina mashemino, wafanyakazi wa reli, wazee waliojua kusineti kwa kiganja. Miaka 10 ijayo hatutakuwa nao.

Wapo pia wanaosema kwamba kufufua behewa la BCK, kampuni ya reli ya enzi za ukoloni, ni kuusifu ukoloni. Hawa nawaelewa zaidi kuliko wanavyodhani. Enzi zile mabehewa ya Wazungu yalitengwa na ya Waafrika, na ukitengeneza la daraja la kwanza peke yake utakuwa umeijenga upya historia kwa macho ya waliokaa humo. Lakini jibu si kuliacha lioze. Tengeneza na behewa la daraja la tatu, lenye mabenchi ya mbao na madirisha madogo, libebe wanafunzi wa Katuba na Kenya, mitaa ya mji wetu, kwa nauli yao, katika treni ileile. Kulitengeneza ni rahisi kuliko lile la velveti, kwa sababu ndani yake hamkuwa na kitu cha kuoza isipokuwa benchi.

Hoja nzito ni ile ya abiria wa kawaida, nayo haifai kujibiwa kwa tabasamu. Novemba 2017, karibu na Lubudi, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka na kuwaka, watu zaidi ya 30 wakafa. Machi 2022, Buyofwe, ikaanguka nyingine, wakafa zaidi ya 60. Wengi wa waliokufa walikuwa wamepanda treni ya mizigo kwa kuwa treni ya abiria haionekani kwa wiki nyingi. Mtu akiniambia kwamba katika hali hii kila franka ya reli iende kwa behewa la abiria, sina la kumbishia juu ya kipaumbele. Ninachobishia ni dhana kwamba kazi hizi mbili zinagombania kitu kimoja. Mashine ya kukerezea gurudumu haijui abiria wake ni nani. Kipimo cha ultrasoniki, benchi la kujaribia valvu za breki, jeki 4 za kuinulia, fundi aliyefundishwa kupima ukingo: vyote hivyo, vikinunuliwa kwa mlango wa utalii, vinabaki karakana. Kinachotakiwa ni sharti liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, kwamba vifaa ni vya karakana ya reli na kwamba kwa kila behewa la watalii linalotoka, behewa moja la abiria limepita kwenye mikono ileile. Mradi usio na sharti hilo ningeupinga pamoja nao.

Na watalii? Hapa wabishi wanakosea kwa sababu wanamngoja Mzungu mwenye kofia. Jiji hili lina familia zinazotafuta mahali pa kwenda Jumapili, harusi zinazotafuta picha, shule, wafanyakazi wa migodi wenye fedha na wasio na pa kuzitumia, na ndugu wanaorudi kutoka Ulaya kila Desemba. Hao hawahitaji kitanda; wanahitaji treni inayoondoka saa iliyoandikwa. Likasi, kilomita 120 hivi kwa barabara, kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa ni karibu saa 5 kwenda tu. Hiyo ni adhabu. Kipushi, kilomita 30 hivi, ni saa moja na nusu hata ukitambaa kwa 20: watu wanakwenda, wanakula bukari, yaani ugali, na samaki, wanarudi kabla ya jua kuzama, na lile tatizo la taa linapungua lenyewe. Treni inayokwama karibu na mji huokolewa na gari. Inayokwama porini huwa habari ya redio.

Safari fupi ya kwenda na kurudi ina hatari yake moja. Mwisho wa njia kichwa lazima kifunguliwe kutoka mbele, kizunguke, kifungwe nyuma. Kwa dakika hizo mabehewa yamebaki peke yake, yamejaa watu, bila kichwa. Aprili 2010 kwenye gare ya Centurion, karibu na Pretoria, mabehewa ya treni ya kitalii yaliondoka yenyewe wakati wa kubadilisha vichwa, yakateremka, yakaanguka, na watu 3 wakafa. Breki ya utupu huachia taratibu chemba yake ikivuja. Ya hewa nayo huishiwa tangi la akiba likipungua. Kinachobaki ni breki ya mkono, kile kigurudumu kidogo mwisho wa behewa ambacho kwenye mabehewa mengi ya kale kimeng'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, au kipo lakini mnyororo wake umekatika. Kwa hiyo kabla ya mita moja ya velveti kushonwa, kila behewa lipelekwe peke yake kwenye mteremko mkali kuliko wote wa njia litakayotembea, lifungwe breki ya mkono, kichwa kifunguliwe kisogezwe mita chache chini yake kikisubiri, na bomba liachwe lipoteze hewa yote. Likae hapo usiku kucha, na asubuhi fundi aende kutazama alama ya chaki aliyoichora kwenye gurudumu na reli.